Kaka yake Padri Malaki hana kaburi

Aluoch anapuliza makaa ndani ya pasi, kisha anatandaza kanzu nyeupe mezani. Kutoka kibarazani, Padri Malaki anamwita.

"Mama Okoth, Kolmani amerudi kutoka baharini?"

Swali hilo huulizwa kila siku, na kila siku linamkata maini.

Mjane huyu kutoka ufukweni mwa ziwa amekuwa dobi wa misheni hii, karibu na Mosocho, tangu mwaka 1942. Bahari hajaiona. Lakini mwulize habari za kisiwa alikozaliwa Padri, kule Ayalandi, utachoka wewe kabla yake. Atakupeleka kwenye kanisa la kale lisilo na paa, lililojengwa na watawa waliovuka kwa mtumbwi wa ngozi. Atakuonyesha kisima walichokizunguka wagonjwa wakisali, kuta za mawe yasiyo na saruji, na mashamba ya viazi yaliyorutubishwa kwa mwani.

"Mti hakuna hata mmoja," anasema. "Nikamwuliza, Fadha, sasa mlikuwa mnapikia nini? Akasema wanachoma udongo. Nikajua ananidanganya. Kumbe kweli, udongo wa kinamasi ukikaushwa unawaka."

Siku hizo Padri alikuwa mcheshi. Sasa uzee umemwibia akili. Miaka mitatu iliyopita serikali ya huko iliwahamisha wakazi wa mwisho, wakabaki kondoo. Aliambiwa, akalia, akasahau. Amesahau pia kwamba Kolmani, kaka yake, alizama wangali vijana na mwili haukuonekana.

"Mwanzo nilimwambia ukweli," Aluoch anaeleza. "Alilia kama amefiwa siku hiyohiyo. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia, akalia upya. Nikasema basi, mimi si mnyama. Lakini nikinyamaza hali chakula, anamngoja."

Mume wa Aluoch naye alizama, ziwani, na hakuonekana. Kwao, badala ya mwili wake wazee walizika tunda la mti wa yago, yaani mvungunya, refu na zito kama mtoto mchanga, wakalililia hapo.

"Nilipata mahali pa kukaa nikalia, nikamaliza," anasema. "Fadha hana."

Juzi Aluoch akamwambia Padri kwamba Kolmani amezikwa. Mzee akatulia, akamaliza uji wote. Kisha akasema: "Nipeleke."

Padri kijana anayesimamia misheni amekwisha kumwonya Aluoch: akileta mila hizo hapa, kazi hana. Na mshahara huo ndio unaomsomesha mwanawe Okoth. Aluoch anaogopa, wala hafichi hofu yake. Hata hivyo anafunua kapu la nguo. Chini ya vitambaa vya altare limelala tunda la yago, lililoletwa na shemeji yake kutoka ziwani. Shimo amelichimba nyuma ya ua. Jumatatu padri kijana atakwenda Kisii, na Aluoch anaomba habari hii isichapwe gazetini kabla ya siku hiyo.

"Atanifukuza, najua. Lakini nimeshamwambia mzee kuna kaburi. Lazima liwepo."

Kibarazani, Padri anauliza tena.

"Amerudi, Fadha," Aluoch anamjibu, akifunika kapu. "Jumatatu nitakupeleka kaburini kwake."