Tuta Mlangoni kwa Nettie

Theluji inayotoka mbinguni Nettie Wasylyk hakuwa na ugomvi nayo. Miaka sabini na minane ameizoa. Ikianguka usiku, saa kumi na mbili asubuhi yuko nje na koleo lake, skafu imefungwa mpaka puani, anasukuma na kutupa, anasukuma na kutupa, hadi lami ya njia yake ya gari ionekane. Hiyo ni kazi ya Mungu, na Mungu huwezi kumpigia simu. Tuta ni kazi ya watu. Greda la mji likipita kusafisha barabara hukusanya theluji yote ya mtaa, iliyokwisha kukanyagwa na magari ikawa ngumu kama tofali, na kuilaza kando, yaani kwenye mlango wa ua wa kila mtu. Umeshamaliza kuzoa, umeshashika kiuno, umeingia ndani kuchemsha kahawa, mara unalisikia linanguruma. Ukichungulia dirishani umefungiwa kwako kwa ukuta unaokufika tumboni.

Zamani ulikuwa unatukana kidogo kisha unachukua koleo tena. Mwaka huu matusi hayakutosha. Figo za mumewe, Orest, zilikuwa zimekufa, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tatu kasorobo, basi dogo la wagonjwa lilimfuata kumpeleka mji wa hospitali akasafishwe damu. Orest alikuwa wa kiti cha magurudumu. Dereva wa basi alikatazwa na wakubwa wake kuvusha kiti juu ya theluji. Mgonjwa akianguka, yeye kazi hana.

Jumatatu ile greda lilipita saa mbili na nusu. Nettie alilivamia tuta kwa koleo, akalivamia kwa shoka la kuni, na basi lilipofika alikuwa amefungua upenyo wa kupita paka. Likangoja dakika kumi, likaondoka. Kufikia Jumanne jioni miguu ya Orest ilikuwa imevimba hata soksi haziingii, na alivuta pumzi kama mtu aliyetoka kupanda ngazi, naye ameketi tu.

Nettie akapiga simu ofisi ya mji. Akapokea mwanamke mmoja mwenye sauti laini.

"Sheria inasema mlango wa ua ni jukumu la mwenye nyumba, mama."

"Basi hiyo sheria ije imbebe mume wangu!"

"Nakuelewa kabisa, mama."

Kueleweka huko ndiko kulikomchoma. Angetukanwa, angejua pa kushika. Alimpigia na mwanawe aliyeko Calgary, naye akaimba wimbo wake ule ule: uzeni nyumba, hamieni makao ya wazee. Nettie akamkatia simu.

Usiku wa kuamkia Jumatano theluji ikaanguka tena. Nettie alizoa mpaka saa mbili, akaingia ndani, koti hakuvua. Akabeba kiti cha jikoni. Orest alikuwa mezani na nusu kikombe cha chai, ambacho ndicho daktari alichomruhusu.

"Kiti unakipeleka wapi?"

"Kukikalia."

"Nje ni thelathini chini ya sifuri, mwanamke!"

"Najua. Nimetoka huko."

"Watu watasema umerukwa na akili."

"Waseme. Wewe kula yai lako."

Akakiweka barabarani, mbele ya mlango wake hasa, akakaa, koleo magotini. Kwa baridi ya asubuhi ile kope zilikuwa zinagandana. Hakusikia baridi. Alikuwa amefura, na hasira ilimtia joto kuliko koti.

Greda likaja. Likapiga honi, likapiga tena, likasimama. Aliyefungua mlango ni Darrell Kostiuk, pande la mtu, umri wa miaka hamsini.

"Mama Nettie! Unataka nikaozee jela?"

"Zima hilo dude nikusikie."

"Nina mitaa kumi na minne leo, mama'ngu. Ondoka barabarani."

"Ah, una haraka! Leo Darrell ana haraka! Miaka tisa nimeendesha basi la shule, miaka tisa nimesimama mlangoni kwenu napiga honi, wewe uko ndani unatafuta soksi. Nilikuacha hata siku moja?"

Darrell akajikuna chini ya kofia. "Hukuniacha."

"Basi wewe Jumatatu umemwacha Orest."

Lile dude likazimwa. "Anaendeleaje mzee?"

"Anazama kwa maji ya mwili wake mwenyewe, ndivyo anavyoendelea. Ukifika hapa, usinimwagie."

"Theluji lazima iende mahali, mama. Siwezi kuila."

"Ipeleke unakotaka. Hapa haikai!"

Darrell alimtazama, akatazama barabara, akapanda. Alikipinda kisu cha greda, lile bamba refu la chuma linalokwangua theluji, akaivusha shehena yote mbele ya mlango wa Nettie bila kudondosha hata donge, akaenda zake. Nettie hakutazama ilikoshukia. Alisimama na kiti chake mkononi, akajiona kama binti wa miaka ishirini aliyetoka kumtandika mtu ngumi mbele ya kanisa. Basi lilifika kwa wakati. Orest alipokuwa akipandishwa alimwita kwa kidole.

"Baba yako aliniapia kwamba wewe ni mpole."

"Alitaka kuniondoa nyumbani. Funga koti."

Basi likaondoka. Nettie akaketi kwenye kochi avue buti, na usingizi ukamchukua na buti moja mguuni. Alipozinduka ilikuwa saa saba. Kilichomwamsha ni mlio wa koleo likigonga kitu kigumu, taratibu, mara moja, kisha kimya kirefu, kisha tena.

Akaenda dirishani. Nyumba ya kushoto ilikuwa ya Philias Gaudet, mzee wa miaka themanini na sita. Mlangoni kwake palikuwa na matuta mawili kwa pamoja, lake na la Nettie, na Philias alionekana kuanzia mabega tu.

Mtaa mzima ulijua habari za Philias. Mkewe, Yvonne, yuko makao ya wazee, hata majina ya wanawe yamemtoka, na wauguzi wakimlisha hufumba mdomo. Huufungua kwa kijiko cha Philias peke yake. Kwa hiyo kila siku, saa tano na nusu, Philias huchomoa waya wa umeme unaoipasha moto injini ya gari lake isigande, na kwenda kumlisha mkewe chakula cha mchana. Nettie alilijua hilo. Alilijua Jumatatu, na alilijua asubuhi ile akiwa amekaa juu ya kiti.

Alitoka na koleo mbio, buti hazijafungwa.

"Philias! Uko hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu greda lipite."

"Na Yvonne?"

Philias aliegemea koleo. Ndevu zake zilikuwa barafu tupu. "Nimepiga simu. Wamejaribu. Hajala."

Nettie akalichoma koleo lake kwenye tuta.

"Nilikuona asubuhi, nikiwa dirishani kwangu," Philias akasema. "Nikafurahi, nikasema kweli huyo ndiye Nettie. Ungenigongea mlango tu, dada. Ningekuja na kiti changu."

Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, kwa binadamu mchungu. Na Nettie ndiye aliyeuelekeza ule mkuki, kwa mdomo wake.

"Jioni wanakula saa ngapi?" akauliza, kwa sauti ya ukali kama anayemgombeza.

"Saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja utakuwa umefika. Nenda ndani upate moto."

"Na wewe utaimwaga wapi? Pembeni kumejaa."

Kulikuwa kumejaa kweli. Marundo ya pande zote mbili yalimpita kimo, na mlango wa pili kushoto ulikuwa wa mjane mmoja. Basi Nettie alivuka barabara na koleo la kwanza, hatua ishirini na tano hadi kwenye kiwanja kitupu, akamwaga, akarudi. Kila koleo alilisindikiza kwa laana kwa sauti: hili la meya, hili la yule wa simu mwenye kuelewa, hili la Darrell. Majina yakamwishia na tuta bado linamfika kifuani, ndipo akaanza kulitaja jina lake mwenyewe.