Mkono wa Pili

Zahanati nzima ilimwita Darubini, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mpiga picha za ultrasaundi, na akina mama wajawazito walivumilia foleni ndefu ili wapimwe na yeye. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Darubini alisifiwa sana.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alipofikisha mimba ya miezi mitano, mama mkwe wake, yaani mama mzazi wa Darubini, alimsindikiza mpaka ndani. Kwenye kioo mtoto alionekana amelala ubavu, mkono mmoja juu, vidole vikifumba na kufumbua.

"Mnaona? Anatupungia!" Darubini akasema, na mama akashangilia.

Mkono wa chini ulikuwa umejificha. Kazi inataka mjamzito ainuke, atembee kidogo, mtoto ajigeuze, ndipo utafutwe tena. Darubini hakuwa na subira hiyo mbele ya mtu anayemshangilia. Aliuzungukia mkono ule ule wa juu, akaupima mara ya pili, akatangaza kuwa yote miwili ni mizima.

"Wifi, mbona mimi naona mmoja tu?" mjamzito akauliza.

"Kwani unataka akupigie makofi?"

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Wifi naye akacheka, kwa adabu.

Leo mimba ni ya miezi minane, na mtoto amegeuka. Mapaja sawa, uti wa mgongo sawa, moyo unadunda vizuri. Halafu mkono wa kushoto: mfupa wa juu, kiwiko, basi. Darubini akaongeza jeli, akamlaza wifi ubavu, akatafuta upya. Baada ya kiwiko hapakuwa na kitu.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mtoto hakuwa na kosa. Lakini kama angesema kweli siku ile, wazazi wake wangekuwa wamekwishajua, wakaonana na daktari, wakalia na kunyamaza. Kichwani akaanza kutunga uongo: mashine ni ya zamani, nani atabisha?

"Wifi, mbona kimya?"

Darubini akamgeuzia kioo. "Mkono wa kushoto unaishia hapa. Siku ile sikuuona. Nilisema nimeuona, lakini sikuuona."

Wifi aliutazama mkono ule. "Nilikuuliza," akasema.

Angetukanwa angepumua. Neno hilo moja lilimmaliza kabisa.

Mlango ukafunguliwa, mama akachungulia huku akicheka. "Enhe, mjukuu wangu bado anapunga?"

Wifi akainamisha uso, akijifuta tumbo. Darubini alijua kwamba akinyamaza, mwenzake ndiye atakayeulizwa alikula nini, alimeza dawa gani.

"Funga mlango, mama. Mtoto ana mkono mmoja. Hakuna alichofanya wifi. Aliniuliza siku ile, nikamfanyia mzaha."

Mama alibaki ameshika kitasa. Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni.

"Na mimi nikacheka," akasema.