Vidole Tisa na Nusu Mgongoni mwa Mzee Saidi

Aibu hii naisema mwenyewe, maana mkiisikia kwa wengine wataitia chumvi. Mwaka huo nilikuwa fundi cherehani hapa Gisenyi, namtaka Zaituni, na baba yake, Mzee Saidi muuza vitambaa, alinijibu waziwazi: "Fundi, we iko mutu muzuri, lakini ile mikono! Ipone kwanza. Idi ikipita nitakupa jibu." (Nilikuwa na ukurutu viganjani, ngozi imepasuka, inawasha, hata wateja walikuwa wananitupia kitambaa kwa mbali.)

Bon, daktari akanipa tyubu ya kotizoni, ile dawa mpya, jina limeandikwa kwa rangi nyekundu, nikapaka, ngozi ikaanza kutulia, tyubu ikaisha. Nikavuka mpaka hadi Goma, na huko mwenye farmasi akanichanganyia pomadi ndani ya kikopo kisicho na jina lolote. "Dawa ni ile ile," akasema, "hii tu iko na mafuta mingi. Paka kidogo sana." Mi nikajiambia, dawa isiyo na jina itakuwa na nguvu gani? Donc nikapaka mara tatu ya alivyosema, asubuhi, mchana, na kila nilipokumbuka.

Siku moja kabla ya Idi, Mzee Saidi akaja kuchukua kanzu nyeupe niliyomshonea, akaivaa pale pale dukani (duka langu halina dirisha, ndani ni giza), na sisi mafundi nguo mpya hatuitoi hivi hivi, basi nikampapasa mgongo kwa viganja vyote viwili, taratibu, nikamwombea, "Vaa kwa heri, baba." Ilimkaa vizuri ajabu.

Asubuhi akatembea nayo mpaka msikitini, na vumbi letu la volkano mnalijua, jeusi, linang'ang'ania popote penye mafuta. Tulipotoka kuswali, watu wakipeana mikono, nikasikia vicheko vinazuiliwa, nikageuka: mgongoni mwa mzee iko mikono miwili myeusi, vidole vimetanuka, utadhani kuna mtu amemsukuma atoke. Yebaba wee! Nikataka kusema ni watoto. Ila mkono wa kushoto ulikuwa na kidole kidogo nusu, na Gisenyi nzima inajua nani alijikata kidole kwa mkasi wake mwenyewe.

"Tisa na nusu," akahesabu jirani yangu mshona viatu, kwa sauti.

Mzee akaivua kanzu (ndani alikuwa na shati na suruali, alhamdulillahi), akaitazama, akashika mkono wangu wa kushoto, akauweka juu ya alama. Ukaingia sawasawa.

"Fundi, ulinibariki ao ulinifukuza?"

Nilitamani ardhi inimeze. Akakigeuza kiganja changu, akakisugua kwa kidole gumba, polepole.

"Lakini imepona."

"Imepona, baba."

"Basi binti nakupa. Kanzu ya harusi atashona mutu mwingine."

Na kweli alishona mwingine, nikaivaa kimya. Tangu hapo napaka dawa kiasi cha punje ya mchele, iwe na jina ao isiwe nalo, na kitambaa sikigusi mpaka ninawe. Ile kanzu Mzee Saidi hakuifua tena. Imetundikwa sebuleni kwake, mgongo ukitazama mlangoni, na kila nikienda kumwamkia ananikalisha papo hapo mbele ya ule mgongo.