Nilichinja jike nikidhani ni jogoo, sasa nangoja yai moja

Salaam aleikum wakuu. Na wale wasiosalimiana hivyo, habari zenu. Haya yamenikuta nyumbani kwangu hapa Wabera, na sitaongeza chumvi hata kidogo.

Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Korbesa. Mbuzi akipita tu, najua ana mimba au hana.

Kuku nilikuwa nawadharau.

Mke wangu Halima alibaki na kuku wawili, mweupe na wa kahawia. Ndio vifaranga wa mwisho wa kuku wa marehemu mamake kule Merti. Alingoja mayai kwa hamu, kizazi kiendelee.

Wa kahawia akaanza vurugu. Kilemba cha kichwani kikawa chekundu, hatulii, anazunguka uani, anaingia jikoni, anachungulia mpaka chini ya kitanda. Nikasema huyu ni jogoo, confidence mia kwa mia. Jike ni yule mweupe.

Halima akaniambia niachane na kilemba, niangalie manyoya ya mgongoni karibu na mkia. Ya jogoo yamechongoka, ya jike ni ya duara.

Nikamcheka. Mimi wa kufunzwa mifugo?

Ijumaa mjomba wangu akafika kutoka Korbesa bila taarifa. Halima alikuwa sokoni. Nikamchinja wa kahawia.

Kumpasua, nikakuta yai zima lenye ganda, na viini vingine vimepangana kama shanga. Kumbe alikuwa anatafuta mahali pa kutaga.

Halima aliporudi akaangalia. Akalipangusa yai, akalipeleka kwa jirani aliye na kuku anayeatamia. Jogoo wa huyo jirani huruka ukuta kuja kwetu kila siku, kwa hivyo huenda lina mbegu.

Alfajiri iliyofuata yule mweupe akawika.

Halima akanigusa bega. "Amka, uamshe mjomba. Jike wako ameita swala."

Hilo lilinichoma kuliko matusi.

Funzo: kilemba hudanganya, jike akikaribia kutaga naye huwa mwekundu. Shika kuku, tazama manyoya. Na msikilize aliyewalea kuku hao.

Leo ni siku ya kumi na saba tangu yai lianze kuatamiwa, na kifaranga hutoka siku ya ishirini na moja. Situlii. Kila jioni napita kwa jirani kuchungulia.

Wenye uzoefu, niambieni ukweli: yai lililotolewa ndani ya kuku aliyechinjwa linaweza kuanguliwa? Nawauliza nyinyi kwa sababu Halima namwogopa. Jana nilimkuta anatandika katoni ya kifaranga mmoja.