Kupanda Mlimani

Klabuni walimwita Nukta, na si kwa mapenzi. Miaka thelathini ya ukarani ilimharibu: haikupita karatasi mbele yake bila kusomwa. Akinunua sabuni husoma karatasi yake. Akipewa kadi ya harusi hutafuta makosa kabla ya kutafuta tarehe. Goti lilimkataza mlima, hakuwahi kufika hata kwenye jiwe la kwanza. Lakini ukatibu walimkabidhi yeye, maana wapandaji ni watu wa kamba na makelele, makaratasi yanawatoa jasho kuliko miamba.

Kiongozi wa wapandaji hao alikuwa binti yake. Aliacha kazi ya kueleweka, ya kukaa kitini, akaanzisha mafunzo ya mlimani. Baba mtu alinuna mwezi mzima, kisha akaanza kujigamba kwa majirani. Sasa ofisi inayolinda mlima ikatoa amri mpya: kundi lisilo na bima ya dhima halipiti getini. Yaani mtu akiumia mikononi mwa klabu, liwepo shirika la kubeba mzigo. Bila karatasi hiyo mafunzo yamekufa, na binti arudi kuomba kazi kwa watu aliowaaga kwa kiburi.

Nukta akaanza kuzunguka. Kila fomu ilikuwa na mstari wa "Aina ya shughuli", naye akaujaza kwa mwandiko wake wa kupendeza: kukwea milima. Mashirika matano yakamkataa. Bwana mmoja wa tai aliisukuma fomu kwa ncha ya kidole.

"Kukwea? Mzee, hawa watu wako wana akili timamu?"

Hapo ndipo ujanja ulipomwingia. Kukwea ni neno la kutisha. Ukilisikia tu unaona jabali na mtu ananing'inia. Kwa shirika la sita akaandika: kupanda mlimani. Sikudanganya, alijiambia. Nimelainisha tu.

Wakala wa shirika hilo, msichana mchangamfu, akampigia simu kuhakikisha mambo mawili matatu.

"Shikamoo, mzee. Mnapanda msimu gani?"

"Marahaba. Mvua zikishakwisha."

"Zikishakwisha? Mimi nilidhani zikianza ndiyo vizuri."

"Zikianza panateleza, mwanangu. Si tutaua watu!"

Msichana akacheka. "Haya, nyie ndio wataalamu. Mnaanzia juu au chini?"

"Juu tunaanziaje, mama?"

Nukta akaweka simu chini akitikisa kichwa. Vijana wa siku hizi, hawajui lolote.

Bima ikatoka siku ya Ijumaa, saa sita mchana, na safari ilikuwa kesho yake. Binti alirukaruka, akambusu baba yake kwenye upara, kisha akaenda sebuleni kupanga kamba huku akipiga mluzi. Nukta akavaa miwani, akaketi jikoni kusoma. Ukurasa wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu ukasema: "Shughuli inayokingwa: kupanda mlimani, pamoja na kuchimba mashimo, kubeba miche na kuimwagilia."

Akarudia kusoma. Miche.

Simu ilikuwa mezani, kando ya kikombe. Ofisi ya wakala haikuwa imefungwa. Ilibaki nusu siku nzima. Lakini akipiga, karatasi inarudi, geti linafungwa, na ule mluzi wa sebuleni unakatika. Mlinzi ataangalia muhuri tu, aliwaza. Jumatatu nitarekebisha kimyakimya. Mtu aliyewahi kumrudishia mkuu wake wa kazi barua kwa kosa la herufi moja, siku hiyo alimeza neno zima.

"Baba, iko sawa?" binti akauliza kutoka sebuleni.

"Iko sawa."

Kweli, mlinzi aliangalia muhuri tu. Jumapili jiwe likachomoka, na mwanafunzi mmoja, mwalimu wa shule mwenye watoto wawili, akaanguka akavunjika uti wa mgongo. Binti na wenzake walimbeba kwa muda wa saa sita kumteremsha. Hatatembea tena.

Shirika lilijibu kwa barua fupi. "Mhusika hakuumia akipanda," iliandikwa. Nukta aliikagua sentensi hiyo kwa mazoea. Haikuwa na kosa hata moja.

Kamati ikakutana. "Huyu msichana wa bima ndiye aliyetuponza," mwenyekiti akafoka. "Kichwa maji kabisa!" Wote wakaitikia, na katibu akaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba kosa ni la wakala, kisha akaweka nukta. Nakala ikapelekwa kwa shirika, na wiki hiyohiyo msichana akafukuzwa kazi. Alimpigia mzee simu mara tatu, mzee akaitazama ikilia. Uoga ni uoga, hata ukiwa na mwandiko mzuri.

Mafunzo yakafungwa. Mke wa mwalimu alikuja hadi mlangoni kumwuliza binti ni nani atakayemgeuza mumewe kitandani. Binti akarudi kwenye chumba chake cha utotoni, akawa analala mchana.

Asubuhi moja alimkuta baba yake karoni, sabuni mpya mkononi, anasoma karatasi yake. Akasimama mlangoni akimtazama mpaka alipofika mwisho.

"Ile bima ilishinda na wewe hapa jikoni," binti akasema.

Nukta akaikunja karatasi ya sabuni mara mbili, mara nne.

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Mpaka ukurasa wa tatu?"

"Mwanangu, nilitaka tu upate..."

"Nilikuuliza, baba."

Hilo ndilo lilikuwa neno "baba" la mwisho kumtoka. Bado wanaishi nyumba moja, na chakula anampikia, na dawa ya goti anamletea. Lakini akimwita mezani humwita Nukta, kama wale wengine.