Mkaja wa Mama Yangu

Niliporudi nyumbani kwa ajili ya harusi ya rafiki yangu, mtu wa kwanza kunikera alikuwa mama yangu mzazi. Nimeshuka kwenye treni pale Dodoma, upepo wa vumbi unanipiga usoni, machozi ya furaha yananilengalenga, namwona mama mlangoni pa kutokea. Amekonda, lakini anacheka. Namkimbilia, nampa shikamoo, naye kabla hajaitikia vizuri anageuka na kumwambia aliyesimama nyuma yake, "Si nilikwambia atakuwa amenenepa?" Huyo wa nyuma ndiye rafiki yangu, bibi harusi mwenyewe. Wakacheka wote wawili. Kumbe njia nzima walikuwa wananijadili. Na mimi nikacheka, lakini ndugu yangu, roho iliniuma palepale, hata begi sijalitua.

Ngoja nikueleze huyu rafiki ni nani, usije ukaniona nina roho mbaya bure. Alikuwa mtoto wa jirani, nyumba yao na yetu zilitenganishwa na wigo wa minyaa tu. Mama yake alifariki tukiwa bado wadogo, darasa la pili. Baba yake alikuwa dereva wa malori, leo yupo, kesho hayupo. Mama yangu hakuitisha kikao wala hakuuliza mtu. Jioni moja alisonga ugali mkubwa kuliko kawaida, akamwita yule mtoto kupitia kwenye upenyo wa wigo, akamkalisha pembeni yangu. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee. Kuanzia siku hiyo sikuwa tena wa pekee, na hakuna aliyeniuliza kama nimekubali.

Usinielewe vibaya, nilimpenda. Tungeachaje kupendana, tumelelewa juu ya dungu moja? Wakati huo mji ulikuwa mbali. Huku kwetu pembeni, ambako leo ni viwanja na kuta za watumishi waliohamia na serikali, kulikuwa mashamba ya uwele mpaka macho yachoke. Uwele ukianza kukomaa, ndege wanakuja makundi kwa makundi, na wakilishukia shamba bila mtu, mwaka huo mtalala njaa. Kwa hiyo watoto tuliamia, kazi ya kuwafukuza ndege. Kabla ya shule tuko juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, na tukirudi shule tuko hukohuko. Tulifunga makopo kwenye kamba, tukivuta yanalia shamba zima. Mwenzangu alikuwa na teo, na akilizungusha jiwe linakwenda anakotaka. Mimi mawe yangu yaliangukia kwenye uwele wetu wenyewe, basi nikabaki mtu wa makopo na matusi. Tuliwatukana wale ndege na koo zao zote, na kule juu hakuna mkubwa wa kutukemea.

Jua likipanda mama anakuja na uji wa uwele kwenye kibuyu, ameutia ukwaju, unakunywa unafumba jicho moja. Alikuwa akitokea mbali tunamsikia kwanza, maana alizoea kuimba peke yake. Jioni nyumbani kulikuwa na harufu ya mlenda uliokaushwa na sauti ya kinu, na kwenye sufuria ulibaki ukoko. Ah, ukoko! Wewe uliyekulia kwenye majiko ya gesi hujui vita ya ukoko. Kwetu haikuwa vita hata, maana mama alishakata shauri. Alimkwangulia mwenzangu, na mimi nikinuna ananiambia, "Mwache ale. Wewe mama unaye." Nilikuwa naye kweli. Lakini tumbo la mtoto halitaki hoja, linataka ukoko.

Baada ya mavuno akina mama walipiga ngoma, zile ndefu za kubana mapajani, na mama yangu ndiye aliyekuwa akiongoza. Alitufundisha wote wawili. Mikono ya mwenzangu ilishika upesi, mama akawa anampigia, naye anajibu, wanatazamana na kucheka kama watu wenye siri. Mimi nilipotea kila mara. Mama akaniambia nisijali, yangu ni mikono ya kushika kalamu. Aliisema kama sifa, na wote waliokuwepo wakaipokea kama sifa. Basi nikaishika hiyo kalamu, ikanipeleka sekondari, ikanipeleka chuo, ikanitoa nje ya nchi kabisa, mpaka Uholanzi, ambako kazi yangu ni kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu.

Huku nyuma aliyebaki ni nani? Yeye. Alisomea ualimu, akapangiwa shule ya karibu, akahamia chumba changu. Mabati ya nyumba ile nimeyaezeka mimi, kisima nimechimba mimi, lakini mama mdogo wangu, ambaye ulimi wake haujawahi kupata ganzi, alinipokea kwa kusema fimbo ya mbali haiui nyoka. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nifanyeje? Jioni hiyo niliingia jikoni nisaidie, sikujua hata chumvi inakaa wapi. Rafiki yangu akanitoa kwa upole, akaniambia nikapumzike, nimechoka na safari. Akapika mlenda, akautia magadi kwa kukadiria na vidole. Nilipoonja nusura nilie. Ulikuwa mlenda wa mama, uleule, na mama hakuugusa. Vidole vyake siku hizi vinamuuma, hasongi tena ugali. Mimi nilikuwa sijui. Kwenye simu alikuwa akiniambia hajambo.

Sasa nikufikishe kwenye siku yenyewe. Ijumaa, kabla ya ndoa, ndugu wa bwana harusi walikuja kutoka Busi, huko Kondoa, kumalizia mambo ya kimila. Kati ya vilivyobaki ulikuwa mkaja. Unaujua mkaja: ni kile kitambaa anachopewa mama wa binti, kukumbuka kitambaa alichojifungia tumbo baada ya kumzaa. Kwetu haupokewi na kuwekwa kwenye sanduku. Mama anafungwa palepale, mbele ya watu, ijulikane tumbo lililomleta huyu binti ndilo hili.

Mshenga, mzee mmoja mfupi mwenye kofia, akasimama na kile kitambaa mkononi, akauliza mama ni yupi. Pembeni alikaa shangazi wa rafiki yangu, kavaa kitenge kipya kinachonukia duka, na mimi moyoni nikaomba, Mungu wangu, kiende kwa shangazi. Baba yake bibi harusi, yule dereva, sasa mzee, akanyoosha mkono. Hakuuelekeza kwa dada yake. Aliuelekeza kwa mama yangu, akasema aliyemlea mwanawe ni huyu. Mshenga akaitikia kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na vigelegele vikapasua ule ua.

Kuzaa si kazi! Na mimi niliyezaliwa, nikae wapi? Katika lile tumbo nililala mimi. Mkaja ule alioufunga zamani aliufunga kwa ajili yangu, sio kwa ajili ya mtu mwingine. Mimi sijaolewa, hakuna mshenga aliyewahi kumletea mama yangu chochote kwa jina langu, na leo analetewa kwa jina la mwingine. Nilimtazama nikingoja aseme hapana, aseme tumbo hili lina mwenyewe. Mama akasimama, uso unang'aa, sijawahi kumwona anang'aa vile, hata siku niliyopata ile nafasi ya kwenda nje. Akachukua kitambaa kwa mshenga, akakitazama, akaja nacho kwangu.

"Nifunge wewe, mwanangu. Vidole vyangu havina nguvu."

Watu wote wanatazama. Nikapiga magoti nyuma yake, nikakizungusha. Kitambaa kilichokatwa kumtosha mama wa makamo kilimzunguka, kikamzunguka tena, na bado kikabaki cha kufunga fundo. Nilihisi mbavu zake chini ya kanga. Nikakaza lile fundo, na ningeambiwa nilifungue wakati ule ningelifungua kwa meno. Rafiki yangu akaja analia, akamkumbatia mama, wakayumba pamoja, na mimi bado niko chini nimepiga magoti.

Jumamosi walifunga ndoa kanisani. Nilivaa sare, nikacheza, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na sikuwa naigiza, nilifurahi kweli. Mtu anaweza kufurahi na kuona wivu kwa wakati mmoja, asikudanganye mtu. Jumapili wakampeleka Busi. Gari lilipoondoka nilisimama barabarani na mama nikajisemea, haya, sasa huyu mama ni wangu.

Jumatatu niliamka mapema kuliko majogoo wa jirani. Nikafagia ua, nikawasha mkaa, nikapika uji. Ulitoka na mabonge, lakini nilimpelekea kwa fahari. Akanywa taratibu, akishika kikombe kwa viganja vyote viwili, akaniambia ni mtamu. Tukakaa tukiangalia kule kulikokuwa shamba letu, sasa kuna ukuta na geti jekundu, hata ndege hawana la kufuata. Nilikuwa nafikiria namna ya kumwambia kwamba naweza kuomba ruhusa kazini, nikae mwezi mzima, mimi na yeye. Akanitangulia.

"Unaondoka lini?" akauliza. "Nataka nijue siku ya kufunga nyumba. Mwenzio amesema nisikae peke yangu, nihamie kwao Busi. Tulikuwa tunasubiri wewe tu uende."

Hakusema kwa ubaya. Mama hana ubaya. Alikuwa ananiuliza vile mtu anavyomuuliza mgeni wake anayempenda. Nikamjibu kwamba naondoka Alhamisi. Akasema vizuri, basi Ijumaa gari litakuja kubeba vitu. Siku zilizobaki nilimsaidia kufunga vyombo, na tulipofika kwenye ngoma yake akaniambia hiyo iende kwanza.

Nyumba imefungwa, ina mabati yangu na kufuli. Sina tena mahali pa kusema nakwenda nyumbani, na aliyenapo mahali hapo ni mtu ninayempenda, ambaye hajanikosea lolote, ndiyo maana wivu huu hauna pa kutokea. Kila Jumapili napiga simu Busi. Anapokea yeye, ananijulia hali, halafu namsikia akitembea na simu kwenye ua ambao sijawahi kuukanyaga. Nasikia kuku, nasikia mlango. Nasikia mama anacheka, wanamalizia kwanza mazungumzo yao, na mimi nangoja. Kisha anaishika simu, ananiita mwanangu, na kuniuliza, "Huko kwenu baridi imepungua?"