Ukanda kwenye Paji la Muuza Dawa

Juzi huko Mukurweini niliona kijana wa bodaboda akishusha maboksi ya dawa, nikamkumbuka Bwana Githinji, aliyekuwa na duka la dawa sokoni.

Nilikuwa mtoto mwaka ambao mvua iliporomosha kilima na kubeba daraja letu. Nyumba ilinuka matope na moshi wa kuni mbichi, na kifua cha mdogo wangu kilikoroma kama paka. Alasiri moja niliona wanawake wakisimama njiani kutazama. Bwana Githinji alikuwa akipanda mteremko na koti lake jeupe, mkebe mkubwa wa maziwa mgongoni, ukanda wake ukipita kwenye paji la uso, vile wanawake hubeba kuni. Sikuwa nimewahi kuona mwanamume akibeba hivyo. Nilidhani ameadhibiwa.

"Kamba ya kuvukia mto inataka mikono miwili, Mama," alimwambia mama yangu mlangoni, akafungua mkebe. Ndani kulikuwa na dawa, kavu kabisa. Akamsikiliza mdogo wangu kifua, akamnywesha kijiko cha kwanza yeye mwenyewe.

Alipoinuka kwenda kijiji cha pili, Mama alivua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja na kukiweka chini ya ule ukanda uliokuwa umemchuna ngozi. Wanawake walifanyiana hivyo. Mimi nilimwonea aibu Bwana Githinji.

Jumapili Mama alienda kanisani kichwa wazi, mdogo wangu mgongoni akipumua kimya. Wenzake wakamuuliza kitambaa kiko wapi.

"Kiko kazini," akasema.